Serikali iliyogawanyika Marekani: mkwamo au maafikiano?

Serikali iliyogawanyika ni ile ambayo Rais anatoka chama kimoja na Bunge linadhibitiwa na chama kingine. Nchini Marekani, Bunge ndilo linaloidhinisha matumizi ya fedha, lakini Rais anaweza kuukataa mswada kwa kura ya turufu.

Mwaka 1995 Rais Bill Clinton wa Democratic na Spika Newt Gingrich wa Republican walivutana kuhusu bajeti. Shughuli nyingi za serikali zilisimama siku 5 mwezi Novemba, kisha siku 21 kuanzia Desemba 16. Awamu ya kwanza, watumishi wapatao 800,000 walirudishwa nyumbani. Maombi ya viza nayo yalikwama balozini.

Mwaka 1997 viongozi wale wale, chini ya katiba ile ile, waliafikiana: Republican walipata punguzo la kodi, Clinton akapata mpango wa bima ya afya kwa watoto. Mwaka 1998 bajeti ilikuwa na ziada, ya kwanza tangu 1969, ingawa ukuaji wa uchumi pia ulichangia.

Mkwamo hudumu pale kila upande unapotumaini kuwa lawama zitamwangukia mwenzake. Maafikiano huanza pale kila mmoja anapopata cha kuwapelekea wapiga kura wake.