Damu iliyokusanywa 1949 na maswali yanayowakabili watafiti wanafunzi

KIJANA mwenye koti jeupe na mkoba wa fomu anayemsogelea mgonjwa kwenye foleni ya zahanati si lazima awe tabibu wa zamu. Huenda ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili au ya uzamifu, na anachotafuta ni ruhusa ya kuuliza maswali, kupima shinikizo la damu au kutoa damu kidogo kwa ajili ya utafiti wake.

Vijana wa aina hii ni wengi. Wapo wanaosomea udaktari bingwa, ambao hawafuzu bila kuandika tasnifu. Wapo wa afya ya umma wanaochunguza kwa nini akina mama huchelewa kufika kliniki. Wapo pia wa maabara, baadhi yao wakifunzwa kwa ushirikiano wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu, KEMRI, iliyoundwa mwaka 1979, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia.

Kazi yao hudharauliwa, wakati mwingine hata na wasimamizi wao, na kuchukuliwa kuwa zoezi la kujipatia cheti. Historia ya sayansi katika nchi hii inapinga dharau hiyo.

Mwaka 1949, Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kulelewa Kenya, alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Alijiunga na msafara wa chuo hicho kuja Mlima Kenya. Wenzake walivutiwa na mimea na wadudu. Yeye alizunguka akikusanya damu ya watu wa jamii mbalimbali. Aliporejea kwenye hadubini aliona jambo la ajabu. Ufuoni mwa Bahari ya Hindi na kandokando ya Ziwa Victoria, katika baadhi ya jamii zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alikuwa na jeni ya selimundu. Katika nyanda za juu na sehemu kame, jeni hiyo ilikuwa nadra mno.

Anayerithi jeni hii kutoka kwa mzazi mmoja kwa kawaida huishi bila taabu. Anayeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili huugua: chembe nyekundu za damu yake hujipinda mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo. Zama hizo wengi wa watoto hao walifariki wakiwa wachanga. Je, jeni inayoua watoto ingewezaje kuendelea kuwa ya kawaida kizazi baada ya kizazi, tena mahali fulani tu? Allison alitambua kwamba ramani ya selimundu ililandana na ramani ya malaria.

Alirudi Afrika Mashariki mwaka 1953, akiwa tayari amehitimu udaktari, ili kuthibitisha dhana hiyo. Nchini Uganda alipima watoto 290. Miongoni mwa 43 waliokuwa na jeni hiyo, 12 walikutwa na vimelea vya malaria. Miongoni mwa 247 wasiokuwa nayo, walikuwa 113. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954, na hadi leo hufundishwa kote duniani kama mfano bora wa uteuzi wa kimaumbile miongoni mwa binadamu. Nusu karne baadaye, mwaka 2005, watafiti wa Kilifi walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mtoto mwenye jeni moja ya selimundu ana kinga ya karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali.

Hata hivyo, kisa hiki kina upande wa pili ambao vitabu vya shule huuruka. Katika utafiti huohuo, wanaume 30 Waluo, 15 wenye jeni hiyo na 15 wasio nayo, waliambukizwa malaria kwa makusudi. Katika kundi la kwanza wawili tu walipata vimelea. Katika la pili, 14. Walitajwa kuwa watu waliojitolea. Lakini hiyo ilikuwa Kenya ya ukoloni na hali ya hatari, na ni haki kuuliza mtu wa wakati huo alikuwa na uhuru kiasi gani wa kumkatalia daktari Mzungu. Azimio la Helsinki, mwongozo wa Chama cha Madaktari Duniani kuhusu utafiti unaohusisha binadamu, lilipitishwa mwaka 1964, miaka kumi baadaye.

Utafiti wa kuwaambukiza watu malaria haujakoma. Umefanywa Kilifi katika muongo wa 2010, kwa watu wazima waliojitolea na waliowekwa chini ya uangalizi wa karibu. Kilichobadilika ni njia ya kufikia hapo.

Leo mwanafunzi huanza kwa pendekezo la utafiti, ambalo hulitetea mbele ya walimu wa idara yake. Kisha hulipeleka kwa kamati ya maadili, kama ile ya pamoja ya Chuo Kikuu cha Nairobi na Hospitali Kuu ya Kenyatta. Katika kamati hizi huketi pia watu wasio wanasayansi, na maswali yao mara nyingi ndiyo magumu zaidi. Baada ya hapo huomba leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, NACOSTI, iliyoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2013. Anayefanya majaribio ya dawa huhitaji vilevile kibali cha Bodi ya Dawa na Sumu. Ndipo huenda kubisha hodi katika afisi za kaunti na hospitali.

Mwanafunzi anayejilipia karo huziona hatua hizi kama miezi iliyopotea. Lalama hiyo ina ukweli, hasa faili inaporudishwa kwa sababu ya saini moja iliyosahauliwa. Lakini hatua hizo ndizo zinazomkinga yule mgonjwa wa kwenye foleni.

Kinga yenyewe imo katika fomu ya idhini, na hapa lugha hupewa nafasi ndogo kuliko inavyostahili. Fomu nyingi hutungwa kwa Kiingereza kizito, kisha Kiswahili hubandikwa juu yake neno kwa neno. Fomu nzuri husema damu itakayotolewa ni kijiko kimoja cha chai, yaani mililita tano. Husema iwapo sampuli itahifadhiwa, itasafirishwa ng'ambo au itatumiwa katika utafiti mwingine. Husema pia kwamba mtu anaweza kujiondoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu. Pasipo maelezo hayo, uvumi hujaza pengo. Si ajabu kwamba watafiti wamewahi kuitwa mumiani huku pwani, na kachinja kule Nyanza.

Azimio la Helsinki lenyewe, liliporekebishwa mwaka 2024, liliacha kuwaita watu hawa vitu vya kutafitiwa; sasa ni washiriki. Kiswahili, kwa bahati njema, kilikuwa na neno hilo zamani.

Sehemu dhaifu zaidi huja mwishoni. Mwongozo wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu wa mwaka 2014 ulimtaka mwanafunzi wa uzamifu achapishe angalau makala mawili katika majarida ya kitaaluma kabla ya kuhitimu. Sharti kama hilo limewasukuma baadhi kwenye majarida yanayochapisha lolote mradi mtu alipe. Lakini hakuna anayezuiwa kuvaa joho kwa kukosa kurudi kijijini kueleza alichogundua. Nakala ya tasnifu huenda maktaba, nayo zahanati iliyotoa wagonjwa hubaki bila hata ukurasa mmoja.

Mshiriki asiyetaka kusubiri bahati ana pa kuanzia. Nakala ya fomu aliyotia saini ni haki yake kubaki nayo. Humo huwa na nambari ya simu ya mtafiti na ya kamati ya maadili, na anaweza kupiga yoyote kati ya hizo akauliza matokeo yalikuwa yapi.