Chati ya Muziki Hupima Matumaini, Si Ushindi

England ilipotwaa Kombe la Dunia pale Wembley, tarehe 30 Julai 1966, wimbo ulioongoza chati ya Uingereza ulikuwa "Out of Time" wa Chris Farlowe, usiohusu soka hata kidogo. "World Cup Willie" wa Lonnie Donegan, uliotungwa kwa ajili ya mashindano hayo, haukuingia kabisa kwenye chati. Miaka minne baadaye wachezaji wenyewe walirekodi "Back Home", na santuri hiyo ikakaa namba moja kwa wiki 3 mwezi Mei 1970, timu ikijiandaa kutetea kombe Mexico. Ujerumani Magharibi ilipowang'oa kwa mabao 3-2 mjini León tarehe 14 Juni, kileleni lilikuwepo kundi la Mungo Jerry. Mwaka 1990 mambo yalijirudia: "World in Motion" wa New Order uliongoza wakati wa hatua ya makundi, lakini hadi nusu fainali Elton John alikuwa ameshaupokonya nafasi. Ukilinganisha ratiba ya mechi na chati, unaona kwamba shabiki hununua wimbo wa timu kwa sababu ya anachokitarajia, si kwa sababu ya alichokwisha kukipata.

Kuna atakayepinga kwa kusema kwamba "Three Lions", wimbo wa timu ya England, ulirudi kileleni mwaka 1996 baada ya England kutolewa na Wajerumani kwa penalti kwenye nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Ulaya. Ni kweli, ila chati hutangazwa baada ya mauzo ya wiki nzima kuhesabiwa, na wiki hiyo ilianza na siku za kuisubiri nusu fainali. Kombe la Dunia la mwaka 2018 linathibitisha hilo waziwazi. England iliifunga Sweden tarehe 7 Julai, ikafungwa na Croatia tarehe 11, na tarehe 13 wimbo uleule ukatangazwa namba moja. Wiki iliyofuata ulianguka hadi namba 97. Wengine watasema hizi ni kazi za matangazo ya kampuni za muziki. Lakini wimbo huo ulikuwa na miaka 22, na waliousukuma juu ni watu waliousikiliza na kuupakua wenyewe timu iliposonga mbele. Matokeo ya mechi hutuambia nani alishinda. Chati hutuambia taifa liliamini nini kabla ya kipenga cha mwisho. Mwanahistoria wa soka anayeipuuza anapoteza ushahidi wa thamani kubwa.