Majaji walikiri ni ukatili, kitanzi kikabaki

Juni 1994 mjini Dodoma, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliwatia hatiani watu wawili kwa mauaji, kisha akakataa kuwahukumu kunyongwa hadi kufa. Akawapa kifungo cha maisha. Hukumu yake ilipekua jinsi kitanzi kinavyoua, miaka ambayo mfungwa hukaa akingoja siku yake, na hatari ya kumnyonga asiye na hatia. Adhabu hiyo, akasema, ni ya kikatili, inatweza utu, na inavunja Ibara ya 13(6)(e) ya Katiba.

Januari 1995 Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Wengi hukumbuka hapo tu, wakasahau kwamba majaji wa rufani walikubali kuwa kunyonga ni ukatili na kunamdhalilisha mtu. Walichokataa ni kwamba kunavunja Katiba, kwa sababu Ibara ya 30(2) inaruhusu haki ya mtu ibanwe kwa maslahi ya umma. Kama adhabu hiyo inahitajika, walisema, ni jamii ya kuamua. Mmoja wa majaji hao, Augustino Ramadhani, baadaye alikuwa Jaji Mkuu, kisha kasisi wa Anglikana.

Nayo jamii ikiulizwa, hukimbilia dini. Huyu atataja kisasi cha Qur'ani, yule Mwanzo 9:6 katika Biblia. Lakini aya ile ile ya kisasi, Al-Baqara 178, inampa ndugu wa aliyeuawa nafasi ya kusamehe na kupokea diya. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoamuru hukumu ya kifo kwa muuaji, hakimuulizi mama wa marehemu neno lolote. Anayekitetea kwa jina la Qur'ani amechukua kisasi, akauacha msamaha nje. Kwa Wakatoliki, Papa Francis alibadili Katekisimu mwaka 2018: adhabu ya kifo haikubaliki.

Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua dhidi ya Tanzania kwamba kumlazimisha jaji, kama kifungu hicho kinavyofanya, kutoa hukumu ya kifo bila kupima mazingira ya kosa kunakiuka haki ya kuishi.

Tangu katikati ya miaka ya 1990 Tanzania haijamnyonga mtu. Mwaka 2017 Rais Magufuli alisema hadharani wasimpelekee orodha ya wa kunyongwa. Namshukuru kwa hilo, ila huruma ya Rais mmoja haimfungi anayemfuata. Bunge ndilo linaloweza kukiondoa kitanzi sheriani, na halihitaji kuthibitisha upya kwamba ni ukatili. Mahakama ya Rufani ilishalisema.