Domingos Arouca na Kazi ya Uwakili Msumbiji

Neno wakili sisi watu wa pwani tulilijua kabla ya mahakama za Wareno. Wakili ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenziwe: kufunga nikaha, kupokea mali, kusema mahali ambapo mwenye jambo hawezi kufika. Maana hii ya kale yatufaa tunapomtazama Domingos Arouca, aliyezaliwa Inhambane mwaka 1928. Huku Mucojo jina lake halitajwi sana, nasi twaona si haki.

Arouca alianza kazi kama muuguzi. Husimuliwa kwamba bahati nasibu ndiyo iliyompa fedha za kwenda Lisbon kusoma sheria, na wengi huishia hapo wakacheka. Lakini ni nani aliyeshinda bahati nasibu akanunulia vitabu? Akawa Mwafrika mweusi wa kwanza wa Msumbiji kuhitimu uwakili. Hadi mwaka 1961, sheria ya kikoloni iliwagawa watu makundi mawili, raia na wenyeji, na Waafrika walio wengi walihesabiwa wenyeji. Basi mtu mweusi kusimama mbele ya hakimu amevaa joho la uwakili, hilo peke yake lilikuwa shauri zima.

Hakuridhika na wateja wenye kulipa. Katika Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, palikuwa na chama cha Waafrika kiitwacho Centro Associativo dos Negros. Ndani yake Eduardo Mondlane na wenzake walianzisha umoja wa wanafunzi wa sekondari mwaka 1949. Arouca alichaguliwa kukiongoza chama hicho. Tarehe 25 Septemba 1964 bunduki zililia Chai, katika wilaya yetu hii ya Macomia. Mwaka uliofuata polisi wa siri walimkamata wakili, na chama kikafungwa. Hakutoka kifungoni hata mwaka 1973.

Hapa ndipo penye uchungu. Uhuru ulipopatikana, yeye na Frelimo hawakuafikiana. Aliishi Ureno, akaongoza chama cha upinzani, FUMO. Wako wanaomlaumu kwa hilo hata leo. Sisi twaona kwamba kutofautiana kwake na viongozi hakufuti miaka ile ya gerezani, wala miaka ya gerezani haimfanyi awe na haki katika kila neno alilosema baadaye.

Wakati huohuo kazi yenyewe ya uwakili ilitoweka. Tarehe 24 Julai 1975, mwezi mmoja tu baada ya uhuru, serikali ilitaifisha shule, hospitali, shughuli za mazishi, na uwakili wa binafsi pia. Nia ilikuwa njema, maskini asinunue haki sokoni. Ila mshitakiwa aliyeshitakiwa na serikali akabaki kutetewa na serikali hiyohiyo.

Katiba ya mwaka 1990 ilifungua mlango wa vyama vingi. Arouca alirudi, na mwaka 1994 akagombea urais miongoni mwa wagombea 12. Hakupata hata kura moja katika kila mia. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Chama cha Mawakili, na uwakili wa binafsi ukarudi kuwa kazi halali. Arouca alifariki mwaka 2009. Miaka minane baadaye vita vilianza tena pwani yetu, na wengi wa Mucojo waliokimbilia Pemba wamepoteza hati zao zote, nao wanatafuta wakili.