Tumaini na msamaha katika Ukristo

Tumaini na msamaha ni mafundisho mawili ya imani ya Kikristo yanayohusiana sana. Msamaha ni tendo la kumwondolea mkosaji deni la kosa lake; tumaini ni kungojea kwa uhakika mema ambayo Mungu ameyaahidi, hata pale ambapo hali ya sasa haionyeshi dalili zake. Katika Afrika Mashariki mafundisho hayo yalipata uzito wa pekee kupitia Uamsho wa Afrika Mashariki na maisha ya Festo Kivengere, mwalimu wa Dodoma aliyekuja kuwa askofu nchini Uganda.

Msingi katika Biblia

Neno "msamaha" limetoka katika lugha ya Kiarabu. Katika Injili ya Mathayo (18:21-35), Petro anamuuliza Yesu amsamehe ndugu yake mara ngapi. Yesu anajibu kwa hesabu kubwa kiasi kwamba haina maana tena kuhesabu, kisha anatoa mfano wa mtumishi aliyesamehewa deni kubwa na bwana wake lakini akamfunga mwenzake kwa deni dogo. Sala ya Bwana nayo inaunganisha msamaha ambao mtu anauomba kwa Mungu na ule anaoutoa kwa wengine. Kielelezo kikuu ni Yesu mwenyewe kuwaombea waliomsulubisha (Luka 23:34).

Kuhusu tumaini, Mtume Paulo analitaja pamoja na imani na upendo (1 Kor 13:13), na anaeleza kwamba hukua kupitia dhiki na saburi (Rum 5:3-5). Waraka kwa Waebrania unalifananisha na nanga ya roho (6:19). Msingi wake ni ufufuko wa Kristo.

Katika madhehebu

Katika Kanisa Katoliki, tumaini ni mojawapo kati ya maadili matatu ya Kimungu, na msamaha wa dhambi baada ya ubatizo hutolewa hasa katika sakramenti ya kitubio. Waorthodoksi pia huungama mbele ya padri. Waanglikana na Walutheri kwa kawaida huungama kwa pamoja katika ibada, kisha kasisi au mchungaji hutangaza maondoleo ya dhambi. Makanisa ya Kipentekoste husisitiza toba ya mtu binafsi moja kwa moja kwa Mungu.

Uamsho wa Afrika Mashariki

Uamsho ulianza katika Kanisa la Anglikana nchini Uganda na Rwanda kati ya miaka ya 1929 na 1936, ukihusishwa na Simeoni Nsibambi, daktari Mwingereza Joe Church na kituo cha misheni cha Gahini. Baadaye ulienea hadi Kenya, Tanganyika na kwingineko. Wafuasi wake waliitwa Balokole, yaani "waliookoka" kwa Kiganda.

Jambo lililowatambulisha ni kuungama dhambi hadharani na kurekebisha makosa. Walirudisha mali iliyoibwa, walilipa madeni ya zamani na kuwaendea waliogombana nao. Waafrika na wamisionari wa Kizungu waliombana radhi, jambo lisilo la kawaida wakati wa ukoloni.

Festo Kivengere na Dodoma

Kivengere alizaliwa mwaka 1919 huko Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda. Aliokoka katika Uamsho mwaka 1941. Baadaye alisimulia jinsi alivyosafiri mbali kwa baiskeli kwenda kumwomba radhi Mzungu mmoja ambaye alikuwa akimchukia.

Katika miaka ya 1940 alihamia Dodoma, eneo la Dayosisi ya Kianglikana ya Central Tanganyika iliyoanzishwa mwaka 1927. Alifundisha katika shule ya sekondari ya Alliance hadi mwaka 1959. Shule hiyo baadaye iliitwa Mazengo, na majengo yake yakawa ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana mwaka 2007, mwaka uleule Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanza huko Chimwaga.

Mwaka 1972 Kivengere akawa askofu wa Kigezi, wakati Idi Amin akitawala Uganda. Mwezi Februari 1973 watu watatu walipigwa risasi hadharani katika uwanja wa Kabale. Kivengere aliruhusiwa kuzungumza nao kabla ya kuuawa. Alikwenda kuwafariji, lakini kwa maelezo yake ni wao waliomtia moyo, kwa kuwa walikuwa na hakika kwamba Mungu amewasamehe.

Mwezi Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili. Serikali ilidai kwamba walikufa katika ajali ya gari. Kivengere na mkewe Mera walikimbilia Rwanda. Akiwa uhamishoni alikiri kwamba moyo wake ulijaa chuki, hadi ibada ya Ijumaa Kuu mjini London ilipomkumbusha maneno ya Yesu msalabani. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake lilisema kwamba anampenda Idi Amin. Alirudi Uganda mwaka 1979 baada ya Amin kupinduliwa, na alifariki mwaka 1988.

Msamaha na haki

Kusamehe si kusema kwamba kosa halikutendeka. Kivengere alimsamehe Amin lakini aliendelea kutangaza mauaji ya utawala wake. Wanateolojia wengi hutofautisha msamaha, ambao aliyekosewa anaweza kuutoa peke yake, na upatanisho, unaohitaji pia mkosaji akiri na kutubu.

Mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, katika nchi ambayo Uamsho ulikuwa na mizizi mirefu na ambako hata makanisa yalikuwa mahali pa mauaji, yaliongeza uzito wa swali hilo. Kwa wengi walionusurika, msamaha umekwenda pamoja na madai ya ukweli na hukumu. Hapo ndipo tumaini linapohusika: kwa Mkristo, anayesamehe haachi haki ipotee, bali anakabidhi kisasi kwa Mungu (Rum 12:19).