Mwezeshaji Si Msemaji: Stadi za Kuongoza Majadiliano ya Wananchi, Ana kwa Ana na Mtandaoni

Na Mwandishi Wetu

Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, Mkutano Mkuu wa Kijiji hujumuisha wakazi wote wa kijiji waliotimiza umri wa miaka 18, na hutakiwa kufanyika walau mara moja kila baada ya miezi mitatu. Uzito wa mkutano huo si mdogo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano huo.

Hata hivyo, kutimia kwa akidi si sawa na watu kusikika. Mkutano unaweza kujaza daftari la mahudhurio ilhali waliozungumza ni watu watano tu. Uamuzi wa namna hiyo huandikwa kwenye muhtasari kwa jina la kijiji kizima, lakini unapofika wakati wa kuchangia nguvukazi au kuheshimu mpaka uliopitishwa, wananchi hujitenga nao. Hapo ndipo umuhimu wa mwezeshaji unapoonekana.

Mwezeshaji ni nani?

Katika mkutano wa kijiji, Mwenyekiti huongoza kikao na Mtendaji wa Kijiji huandika muhtasari. Mwezeshaji hachukui nafasi ya yeyote kati yao. Kazi yake ni kusimamia mwenendo wa majadiliano: swali linaulizwaje, nani hajasema, muda unatumikaje na makubaliano yanafikiwaje. Hana kura, wala hatoi jibu. Anayeingia mkutanoni akiwa na jibu mfukoni ni mhamasishaji. Kazi hiyo nayo ina nafasi yake, lakini si uwezeshaji.

Nchini Tanzania, wananchi wengi wamekutana na wawezeshaji kupitia mfumo wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ulioanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 2000. Katika mfumo huo, mipango huibuliwa na wananchi wenyewe kwa kuanzia na rasilimali walizonazo.

Stadi za ana kwa ana

Tuchukue mfano wa kijiji kinachopaswa kuchagua kati ya kisima na ukarabati wa zahanati. Wazee wameketi mbele, wanawake wako nyuma, vijana wamesimama pembeni. Swali likiulizwa kwa mkutano wote, watajibu wale waliozoea kusimama. Mwezeshaji mwenye ujuzi huwagawa washiriki katika makundi ya wanawake, wanaume na vijana, kila kundi likae peke yake na kuchora ramani ya kijiji au kalenda ya shughuli za mwaka. Kalenda ya wanawake ikionesha miezi ya kufuata maji mbali, hoja ya kisima hupata ushahidi ambao hotuba isingeutoa. Makundi yanaporejea, vipaumbele hupangwa kwa kura ya punje za mahindi au vijiwe, ili hata asiyejua kusoma apige kura yake bila msaada.

Mbinu hizo hazifanyi kazi bila nidhamu ya mwezeshaji mwenyewe. Huuliza swali moja kwa wakati, tena swali lisilojibiwa kwa “ndiyo” au “hapana”. Huvumilia ukimya, kwa kuwa mtu asiyezoea kusema huhitaji muda wa kupanga maneno. Hurudia hoja kwa maneno ya msemaji, si kwa maneno yake. Mzungumzaji mmoja anapotawala kikao, humshukuru, huiandika hoja yake mahali panapoonekana, kisha huomba maoni ya wengine bila kumvunjia heshima.

Stadi za mtandaoni

Mafunzo ya wawezeshaji na vikao vya watumishi walio katika wilaya tofauti sasa hufanyika pia kwa njia ya mtandao. Kule mwezeshaji haoni nyuso zilizokunjamana, wala hasikii minong'ono ya nyuma. Hivyo huandaa mambo mapema: ajenda fupi, msaidizi wa kushughulikia matatizo ya mitambo, na njia mbadala kwa mwenye intaneti dhaifu, kama vile kushiriki kwa sauti pekee au kutuma ujumbe wa maandishi. Huwaita washiriki kwa majina kwa zamu, na huwagawa katika makundi madogo, kwani katika kundi la watu wanne ni vigumu kwa mtu kujificha. Iwapo kikao kitarekodiwa, huomba ridhaa kwanza, kwa kuwa sauti na picha za watu ni taarifa zinazohitaji kulindwa, jambo linalozingatiwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kujenga ujuzi

Stadi hizi hazipatikani kwa semina moja. Anayeanza anashauriwa kuwezesha akiwa na mwenzake: mmoja aongoze, mwingine ahesabu nani amesema, mara ngapi na kwa muda gani. Baada ya kikao hulinganisha hesabu hiyo na mahudhurio. Ikiwa nusu ya waliohudhuria ni wanawake lakini walizungumza mara mbili tu, mwezeshaji amepata somo la kikao kijacho.

Kipimo kingine kilitolewa mwaka 1969 na Mmarekani Sherry Arnstein, aliyeuchora ushirikishwaji wa wananchi kama ngazi yenye vipago nane. Kipago cha chini kabisa ni wananchi kurubuniwa, na cha juu ni wananchi kushika usukani. Kuombwa maoni pekee kumo katikati. Mwezeshaji hana budi kujiuliza kila baada ya kikao: leo wananchi walisimama kwenye kipago kipi?

Kwa mwananchi, wajibu ni kuhudhuria, kuomba nafasi ya kusema na kutaka muhtasari wa kikao kilichopita usomwe na kuthibitishwa. Mkutano ulioendeshwa vizuri hutambulika kwa jambo moja: hata ambaye hoja yake haikupita huweza kueleza uamuzi ulifikiwaje, na yu tayari kuutekeleza.