Klorpirifosi na ubongo wa mtoto aliye tumboni

Klorpirifosi ni kiuatilifu cha kundi la oganofosfati kilichoanza kuuzwa Marekani mwaka 1965. Kwa miongo kadhaa kilipuliziwa mashambani na pia majumbani, kuua mende na mchwa. Tafiti zilizokifuatilia zimeonyesha jinsi kemikali ya matumizi ya kila siku inavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni ilhali mama yake haumwi chochote.

Kiuatilifu hiki huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali inayopitisha ujumbe kati ya neva. Ujumbe usipokatika, mdudu hupooza na kufa. Binadamu ana kimeng'enya hichohicho. Mtu mzima aliyeingiwa na kiasi kidogo anaweza asihisi lolote, lakini kwa kijusi asetilikolini ina kazi nyingine kubwa: huziongoza seli changa za ubongo zinapokua na kuungana. Kondo la nyuma haliizuii klorpirifosi isipite, na mwili wa kijusi bado ni dhaifu katika kuivunja.

Ushahidi mzito ulitoka jijini New York. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia waliwafuatilia wajawazito wa kaskazini mwa Manhattan na South Bronx, Wamarekani weusi na wenye asili ya Jamhuri ya Dominika. Wanawake hawa hawakuwa wakulima. Sumu iliwafuata vyumbani mwao. Walipojifungua, damu ya kitovu ilipimwa. Mwaka 2011 kikundi kilichoongozwa na Virginia Rauh kilitoa matokeo ya watoto 265 waliofikia miaka 7: kadiri kemikali ilivyokuwa nyingi katika damu ya kitovu, ndivyo alama za akili na za kumbukumbu zilivyoshuka. Mwaka uliofuata, picha za MRI za watoto 40 zilionyesha tofauti katika umbo la gamba la ubongo.

Mwaka huohuo wa 2011, Brenda Eskenazi na wenzake walitoa matokeo ya bonde la Salinas, California, penye mashamba ya mboga na stroberi. Wao walipima mabaki ya oganofosfati kwa ujumla katika mkojo wa wajawazito. Watoto wa mama waliokuwa na mabaki mengi zaidi walipungukiwa na takriban alama 7 za akili wakilinganishwa na wa mama waliokuwa na machache zaidi.

Wapo wanaosema tafiti hizi zinaonyesha uhusiano tu, si chanzo. Ni kweli hakuna mjamzito aliyepewa sumu kwa makusudi ya majaribio, na hakuna anayepaswa kudai hilo lifanyike. Watafiti walizingatia akili na elimu ya mama, na uhusiano ukabaki.

Marekani iliondoa karibu matumizi yote ya nyumbani mwaka 2000 na 2001, na kiasi katika damu ya vitovu New York kikashuka sana. Umoja wa Ulaya ulikipiga marufuku mwaka 2020. Mei 2025, mjini Geneva, wanachama wa Mkataba wa Stockholm, Kenya na Tanzania zikiwemo, walikiweka katika orodha ya kemikali za kukomeshwa, ila kwa misamaha ya muda kwa baadhi ya mazao. Muda huo ukiendelea, mjamzito asipewe kazi ya kupulizia dawa wala ya kufua nguo za aliyepulizia.